Taarifa Thelathini na Saba za Kilomita 92

Binti yule alibisha mlango wangu saa nane mchana, saa ambayo hapa Colonia Iriarte, mji wetu mdogo wa Pampa, hata mbwa wamelala. Nikajua si mtu wa huku. Mtu wa huku hakuamshi usingizini mchana labda nyumba yako iwe inaungua, na hata hapo atasita kidogo. Nilifungua nikiwa na gauni la nyumbani, nywele zimesimama, na uso nikauacha vilevile ulivyotoka kitandani ili ajionee mwenyewe alichofanya.

"Doña Nilda Echarri?"

"Ndiye. Alikuwa amelala."

"Samahani sana, mama. Natoka Santa Rosa, nimeendesha gari tangu asubuhi, saa imenipotea."

"Kwani Santa Rosa hamlali mchana?"

"Tunalala, mama. Ila tunalalia mezani, ofisini."

Jibu hilo lilinifurahisha, nikamwacha apite. Alisema anaitwa Ailín Moyano. Ni msichana wa miaka thelathini na kitu, amevaa miwani mikubwa, na kompyuta yake ya kukunja ameikumbatia kama mtu anayeogopa kuporwa. Nikateleka maji, nikayatoa kabla hayajachemka, nikajaza kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani machungu inayonyonywa kwa mrija, kwa zamu. Mjazo wa kwanza niliunyonya mwenyewe, maana wa kwanza huwa mchungu na ni wa mwenye nyumba, kisha nikamjazia yeye.

Akaeleza. Kwa miaka mitatu, yeye na wenzake wawili walikuwa wakikusanya taarifa za visahani vya angani ambazo serikali ilizifungia makabatini tangu enzi za wanajeshi, na ambazo sasa zimeachiwa wananchi wazisome. Karatasi moja moja wamezipiga picha, wakaziingiza katika programu waliyoitengeneza wenyewe. Unaandika neno, programu inakuletea kila taarifa yenye neno hilo, na kila taarifa inakaa kwenye ramani kama nukta, mahali pake palepale.

"Jaribu, mama. Andika neno lolote."

Mimi nimepiga taipu miaka kumi na saba, katika ofisi iliyoziandika taarifa hizo. Vidole vyangu vinakumbuka kuliko mimi. Niliandika *mbwa*. Ramani ya mkoa wetu ikajaa nukta: mbwa waliobweka, mbwa waliojificha chini ya vitanda, mbwa mmoja wa kusini ambaye bwana wake aliapa kwamba tangu siku ile hataki tena nyama. Nikaandika *kijani*. Nikaandika *bila sauti*. Kisha nikaandika *mke wangu*, na hapo nukta zikawa nyingi kuliko za mbwa, kwa sababu karibu kila mwanamume aliyekuja ofisini kwetu alianza kwa kusema kwamba mke wake haamini.

Nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nikibonyeza nukta, karatasi inafunguka, na ni karatasi yangu, mashine yangu ile ambayo herufi moja ilikuwa ikiruka juu ya mstari. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha zimamoto: mkaguzi, karani mwenzangu aitwaye Olinda, mimi, na jiko la mafuta ya taa. Yeyote aliyeona kitu angani katika upande huu wa Pampa alikuja kwetu kukisema, sisi tukakiandika. Ofisi ilifungwa mwaka tisini na moja, na sikudhani kama kuna mtu angekuja kusoma upuuzi ule.

"Sasa tazama hapa, mama," Ailín akasema. Akagusa kitu, ramani ikasogea.

Katikati ya uwanda mtupu, mbali na kila mji, palikuwa na doa jekundu kubwa. Nilipaona kabla hajapataja.

"Kilomita 92," akasema. "Kituo cha treni kilichoachwa. Hakuna nyumba, hakuna kisima, treni ya mwisho ilisimama pale kabla mimi sijazaliwa. Lakini taarifa thelathini na saba zinatoka hapo. Hakuna mahali pengine mkoani penye hata kumi. Watu wamesikia, wameanza kwenda na mahema. Jumamosi tunafungua ramani kwa kila mtu, na manispaa yenu wanataka kuweka bango pale siku hiyohiyo."

"Bango la nini?"

"Mji Mkuu wa Visahani."

Nikameza chai ile ya moto vibaya, nikakohoa.

"Ila kuna kitu kinanisumbua," akaendelea, na sasa alikuwa ananitazama mimi, si ramani. "Chini ya kila karatasi kuna herufi mbili za karani aliyeipiga. O.R. ni Olinda. N.E. ni wewe. Zote thelathini na saba ni N.E. Siku ambazo Olinda alikuwa zamu, hakuna kilichowahi kuonekana Kilomita 92. Mwaka themanini na mbili wewe ulipokuwa likizo ya uzazi, visahani navyo vikaenda likizo."

Alilisema polepole, bila dharau, mtu ambaye kweli anataka kujua. Ndiyo maana nilimjibu. Angekuja kwa ukali ningemfungulia mlango wa kutokea.

"Fomu yetu ilikuwa na mstari wa mahali," nikamwambia. "Bila mahali, mkaguzi anairudisha. Sasa fikiria, mwanangu, miaka ile. Mtu ameona taa angani saa nane za usiku. Kusema aliiona wapi ni kusema na yeye alikuwa wapi. Mmoja alikuwa anatoka kwa mke wa mtu. Mwingine alikuwa anawinda katika shamba lenye mwenyewe. Mwingine alikuwa amempeleka mpwa wake mahali ambapo wanajeshi hawakupaswa kupajua. Wote walitaka kuisema ile taa, ilikuwa imewakaa kooni. Wakifika kwenye mstari wa mahali wananyamaza, wananitazama. Basi nikawa naandika Kilomita 92. Pale hapana mtu wa kumsingizia."

Ailín alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Miaka mitatu," akasema.

"Pole."

"Hapana, habari hii ni nzuri kuliko bango." Akacheka, kisha akawa makini. "Lakini siwezi kuziacha hapo, Doña Nilda, ni uongo. Programu yangu nayo haipokei taarifa isiyo na mahali. Ama unaniambia waliona wapi hasa, au nazifuta."

"Hiyo programu yako na mkaguzi wetu mngeelewana sana," nikamwambia. "Sitakwambia. Niliwaahidi."

"Wengi wamekufa, mama."

"Watoto wao wananunua mkate na mimi."

Nikachukua kompyuta yake, nikajifanya nazitazama moja moja. Kwa kweli nilikuwa natafuta moja tu. Ilikuwa na nukta ya kijivu, iliyofichwa chini ya nyingine. Nikaibonyeza.

*Tarehe 25 Juni 1978. Saa moja jioni. Shahidi: Evaristo Lencina, fundi wa vinu vya upepo. Idadi ya mashahidi: mmoja. Daraja C. Shahidi haaminiki.*

"Kijivu maana yake nini?" nikauliza.

"Daraja C. Tumeweka kama ofisi yenu ilivyoandika. Mtu akibonyeza kwenye simu yake anaona jina na maneno yote."

"Kuanzia Jumamosi."

"Kuanzia Jumamosi."

Nikamwambia anipe hadi Ijumaa. Akakubali, akaenda kutafuta chumba hotelini, akaniacha na kibuyu kimepoa.

Afadhali niseme wazi. Katika zile thelathini na saba, thelathini na sita ni siri za watu. Moja ni yangu.

Jioni ile ya Juni nchi nzima ilikuwa imechukua kombe la dunia saa moja na nusu tu kabla. Mji wote ulikuwa uwanjani, unapiga masufuria, unapiga honi, unalia. Hakuna aliyejua nani yuko wapi. Mimi nilikuwa nimechumbiwa na Horacio Bustos, mtoto wa mwenye ghala la nafaka, harusi Oktoba. Na mimi na Evaristo tulikuwa kwenye kinu cha upepo cha shamba la Etcheverry, ambako alikuwa na kazi ya kubadilisha gia, na ambako hapakuwa na gia yoyote iliyobadilishwa siku ile. Taa ikaja kutoka magharibi. Ikapita, ikaenda. Akanirudisha mjini kwa njia ya nyuma, nikaingia uwanjani nikapiga sufuria kama wenzangu.

Siku mbili baadaye Evaristo akaja ofisini. Alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu kinafanyaje kazi, na kitu kile kilikuwa kimemnyima usingizi. Akaketi mbele yangu akaniita señorita, kama hatujuani, akanieleza taa. Tulipofika kwenye mahali, alifungua mdomo, na kabla hajasema nikapiga taipu: Kilomita 92. Mashahidi? Akanitazama machoni, akasema, "Mmoja."

Mkaguzi hakuwa na kawaida ya kwenda kuhakiki kitu. Ila wiki ile alikuwa ameletewa gari jipya na alitafuta safari. Akaenda Kilomita 92, ambako udongo ulikuwa laini kwa mvua ya Ijumaa, akakuta hakuna hata alama moja ya tairi. Mtu hakufika pale, basi mtu amesema uongo. Akaandika daraja C, kisha akaenda baa kulisimulia. Nchi nzima imeona kombe, Evaristo kaona kisahani: huo ndio uliokuwa mzaha wa mji, na mpaka leo haujachuja. Wakamwita Mirihi. Wenye mashamba wakaacha kumwita, maana nani anataka fundi anayeota akiwa juu ya ngazi ya mita tisa? Akaishia kuziba pancha za baiskeli. Na mimi niliyemchagulia mahali nikaolewa Oktoba, nikala keki. Mtu mwenye haya angesema neno. Mimi sikulisema, na Horacio alipokufa, miaka minane sasa, nikajiambia wakati umepita.

Karakana ya Evaristo iko mitaa minne kutoka kwangu. Miaka arobaini na mitano nimekuwa nikizungukia upande wa benki ili nisipite mbele yake. Alhamisi asubuhi nilinyoosha moja kwa moja. Alikuwa ameinamia gurudumu, mgongo umepinda, mikono ileile.

"Kimbaumbau," akasema bila kuinua kichwa. "Umepotea njia."

"Kimbaumbau alikufa zamani. Tazama hii miguu."

"Naiona. Na baiskeli huna. Umefuata nini?"

"Nipe kiti kwanza, nimetembea."

Akanivutia kigoda, akajaza kibuyu, akanywa, akanijazia. Nikamweleza yote: msichana wa Santa Rosa, ramani, doa jekundu, nukta ya kijivu. Alisikiliza huku akiifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo Jumamosi kila mtu ataniona kwenye simu. Haaminiki."

"Ndiyo."

"Wamechelewa. Hapa wananiona bila simu."

"Evaristo, nataka kusema nilikuwepo. Mahali pale, na wewe. Ila siwezi kulisema bila ruhusa yako, jina ni lako pia."

Akaacha kufuta mikono.

"Watoto wako watasemaje?"

"Watashtuka. Watapiga simu, watalalamika, binti yangu atalia. Halafu itakuja Jumapili watataka kula ravioli kwangu kama kawaida."

"Zulema wangu alijua," akasema. "Nilimwambia kabla sijamwoa kwamba sikuwa peke yangu. Jina sikumpa, na hakuwahi kuniuliza. Mungu ampumzishe, mwanamke asiyeuliza jina mara hata moja." Kisha akaisogeza stuli yake karibu nami, na ghafla alikuwa tena yule kijana wa gia na vinu. "Sasa niambie wewe. Miaka yote hii nimetaka kukuuliza. Ilipofika juu ya lango la shamba, ilisimama au haikusimama? Mimi nasema ilisimama. Siku nyingine najiambia, labda moyo wako ndio uliosimama, mzee. Wewe uliona nini?"

Ningeweza kusema ilisimama. Neno moja, na yule mtu angelala vizuri. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini mimi na maneno ya kumwokoa mtu tunajuana, nilishampa moja mwaka sabini na nane na nimeona lilivyomfanya.

"Sikuiona," nikasema.

"Hukuona nini?"

"Taa. Nilidhani ni gari la baba. Nilipoona mwanga tu nilijitupa chini pembeni mwa tangi la maji, nikalala kifudifudi. Sikuinua kichwa mpaka uliponiita."

Kibuyu kilikuwa kimerudi kwake. Akakijaza maji taratibu. Ilikuwa zamu yangu. Akanywa mwenyewe. Aliyezaliwa huku hahitaji kuelezwa maana yake, ni afadhali angenitukana.

"Wakinicheka dukani," akasema, "wakinicheka kwa kinyozi, huwa najisemea: wacheke, yuko mmoja anayejua. Kumbe hata huyo mmoja hajui."

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma bei za ng'ombe. Kisha nikamwona anakunja paji la uso, vile alivyokuwa akilikunja mashine ikitoa sauti asiyoielewa.

"Kifudifudi kabisa? Umefumba macho?"

"Nimefumbua. Niliogopa nge."

"Ukaona nini pale chini?"

"Majani. Ndoo. Kivuli cha kinu."

"Kivuli kipi? Mwezi ulikuwa haujatoka. Giza totoro."

Miaka arobaini na mitano, na sikuwahi kujiuliza.

"Kilikuwepo," nikasema. "Kilikuwa kinatembea."

Akachukua chaki ya kuwekea alama matairi, akapiga magoti sakafuni, kwa miaka yake sabini na tisa, akachora: kinu hapa, tangi hapa, lango hapa, zizi hapa. Akanipa chaki.

"Nionyeshe."

Nikashuka na mimi kutoka kwenye kigoda, na Mungu anajua nilivyoshuka. Nikamwonyesha kilipoanzia, kwenye ukuta wa tangi. Nikaburuta chaki polepole kuelekea upande wa zizi.

"Kirefu au kifupi?"

"Kifupi. Hakikufika hata mtaroni."

"Kivuli kifupi, taa iko juu," akasema, kama anaongea na mtu mwingine. "Taa za gari zingekitupa mpaka barabarani. Gari haliwezi. Baba yako hawezi. Endelea."

"Kikafika kwenye ndoo," nikasema, na hapo mkono wangu ukasimama wenyewe. "Hapa. Kilikaa kwenye ndoo. Nilihesabu ngazi za mnara kwenye kile kivuli, ili nisipige kelele. Nilifika kumi na moja. Ndipo kikaondoka."

Evaristo alitazama mchoro. Akatoa ncha ya kidole, akaiweka kwenye ndoo, akaivuta kupita katikati ya kinu hadi upande wa pili. Kidole kikaangukia kwenye lango.

"Ilisimama," akasema.

Tulichukua muda kuinuka, tukishikana kama walevi wawili. Alipokwisha kuketi alijaza kibuyu, akakishika kidogo, akanipa.

Ijumaa Ailín alikuja karakana na kompyuta, safari hii saa kumi na moja, watu wakiwa wameshaamka. Evaristo hakumruhusu akanyage mchoro. Alimweleza kivuli mara mbili, na mara zote mbili binti aliuliza maswali mazuri: mnara una mita ngapi, lango liko umbali gani, ndoo ilikuwa wapi hasa. Akatoa nukta ya kijivu Kilomita 92, akaiweka kwenye kinu cha Etcheverry. Kisha akatulia, vidole hewani.

"Sikuwahi kutafuta neno hili," akasema. "Nani anatafuta kivuli? Wote tunatafuta taa."

Aliandika *kivuli*, akaweka tarehe ile. Zikaja mbili. Moja ya kinu. Nyingine ilikuwa kijivu vilevile, kusini, kwenye machimbo ya chumvi, na chini yake O.R., mkono wa Olinda. Akatusomea. Eufemia Toledo, mfua nguo, saa moja na dakika kumi jioni: alikuwa ndani, akaona kwenye ukuta wa nyumba kivuli cha kamba yake ya nguo kikitembea, kama kuna mtu anapita nje na taa. Alitoka. Hapakuwa na mtu. Idadi ya mashahidi: mmoja. Daraja C.

Ailín aliweka rula juu ya kioo cha kompyuta, rula ya chuma ya Evaristo yenye grisi, na hakujali. Kutoka kwenye kinu, kupitia juu ya lango, mstari ulikwenda moja kwa moja hadi machimboni. Kutoka Kilomita 92 haukwenda popote.

"Ilikuwa nini?" nikauliza.

"Sijui," akasema, na sijawahi kumwona mtu aliyefurahi hivyo kwa kutojua.

"Alikuwa peke yake huyu mama?" Evaristo akauliza.

"Peke yake."

"Yu hai?"

"Nitamtafuta. Ana watu, nitawapata."

Nikamuuliza zile thelathini na sita. Akasema amekesha akibishana na wenzake kwa simu, na mwisho wamekubali: programu itapokea taarifa isiyo na mahali. Zitakuwepo, zitasomwa, mtu akiandika *mbwa* zitakuja, ila hazitakuwa na nukta. Doa jekundu litafutika usiku huohuo. Mkuu wa manispaa alikuwa ameshapewa habari na alikuwa amekasirika sana, kwa sababu bango lilikuwa limeshachorwa, na mchoraji hakutaka kusikia habari ya kulirudisha.

Kisha akaifungua upya karatasi ya Evaristo. "Mashahidi wakiwa wawili inapanda daraja B," akasema. "Na yale maneno yanaondoka. Doña Nilda, niandike nini kwa shahidi wa pili?"

Nikamwambia. Aliandika haraka, akapunguza pale nilipozidisha, kisha akasoma kwa sauti ili mwenyewe asikie.

"*Shahidi wa pili: Nilda Echarri, karani. Hakuitazama taa. Aliona kivuli cha kinu kikitembea, kikasimama, kikaondoka. Alikuwa pamoja na shahidi wa kwanza tangu mwanzo hadi mwisho.*"

Kwenye kona pampu ya upepo ilikuwa ikinguruma. Evaristo alikwenda akaizima, akarudi akasimama nyuma ya kiti cha Ailín, mikono mgongoni.

"Soma tena hapo mwisho," akamwambia.

"*Alikuwa pamoja na shahidi wa kwanza tangu mwanzo hadi mwisho.*"

"Tena, binti yangu. Taratibu."